Punje ya Choroko Sikioni Mwangu

Mama,

Sina wa kumwambia yote yaliyo moyoni, ndiyo maana nakuandikia wewe. Daktari wa Nairobi ameona kivimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio langu la kulia. Kidogo, kama punje ya choroko. Si saratani, alisema, kisha akarudia, maana aliniona nimeacha kupumua.

Nilijua kuna kitu tangu siku ile chuoni. Unawajua watoto wa Jang'ombe wanavyosoma Kurani, kila mmoja na sura yake, wote pamoja, wote kwa sauti. Enzi zako ukifundisha, wewe ulikuwa ukichambua mchele wako hapo mkekani, na katikati ya kelele zile unamwita mwenye kosa kwa jina, arudie. Macho huinui. Basi siku hiyo nami, niliyerithi chuo chako, nikasikia kosa, nikamkemea Zuhura hadi akalia. Kumbe ni Haji, aliyekaa upande wa pili kabisa! Sikujua tena sauti inatoka wapi. Watoto wote wakanitazama.

Daktari anasema tusubiri, nirudi baada ya miezi sita nipigwe picha nyingine. Vivimbe vingine hukaa miaka bila kukua. Wakikata sasa, sikio huenda likafa papo hapo na uso ukapinda. Kaka Nassor anapiga simu kutoka Maskati, ananifokea: "Kikatwe kingali kidogo! Unangoja nini, Salma?" Na kweli, nikingoja kikakua, sikio litakwenda vilevile, na kukata kutakuwa kugumu zaidi.

Nassor hakutaji, lakini najua anakufikiria wewe. Ulipoona uvimbe kwenye titi ulijifunga kanga ukanyamaza. Nilipokuuliza mbona umekonda, ukanijibu, "Si kitu mwanangu, nshapona." Tulipokuja kujua, hapakuwa na la kufanya. Nina hasira na wewe, Mama. Nakuombea dua kila sala, na hasira ninayo.

Kila adhana naziba sikio la kushoto, nijaribu la kulia kama bado lipo. Nasikia kwa mbali, kama mtu anasoma ndani ya mtungi. Nikilipoteza hili, na lile likafuata, mimi nitakuwa nani? Kazi nyingine siijui. Naogopa, Mama.

Nimeamua kusubiri. Si ushujaa, ni kwamba hiki kidogo ninachosikia bado nakitaka. Ila sitasubiri kama ulivyosubiri wewe. Watoto nimewaambia, na wote sasa wanakaa kushoto kwangu. Nassor anaijua siku ya picha. Nakuahidi nitakwenda, na kikiwa kimekua nitawaambia wakate.

Lala salama, Mama yangu, Mola akurehemu. Ungenionyesha tu. Ningekupeleka mwenyewe.

Mwanao,
Salma