Damu Hii ni ya Nani

Jumatatu, 3 Machi
Chembe zangu nyeupe ziliisha jana, Jumapili. Zote. Ubao wa mlangoni uliandikwa sifuri, na leo sifuri tena. Wameziua wenyewe, kwa dawa, ili ugonjwa ufe nazo. Jumanne iliyopita wakanitundikia seli shina za mdogo wangu – kamfuko kadogo, hakafiki hata pakiti ya maziwa. Bosi anaziita mbegu. Sasa tunasubiri zishike.

Bosi ni muuguzi wangu. Namwita hivyo kwa kuwa humu ndani amri zote ni zake. Kiwanda cha matofali nimekijenga kuanzia ndoo moja na koleo la kuazima, leo naomba ruhusa ya kusogeza kiti.

Kanidunga sindano ya tumbo. Itakuwa kila siku, ya kuchochea uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, utoe chembe upesi. Nikamuuliza, kama ile dawa tunayotia kwenye zege likaze haraka? Akasema, mzee, wewe na matofali yako, haya, iwe hivyo.

Basi hajui kanitia wasiwasi. Zege la dawa nalijua. Siku ya tatu ukiligonga linalia kama chuma. Kama lina nguvu kweli, utajua ukishaliwekea mzigo.

Jumatano, 5 Machi
Sifuri. Mdomo mzima vidonda, hata maji yanachoma.

Mama watoto kasimama nje ya kioo cha chumba hiki nilichotengwa, tunaongea kwa simu huku tunatazamana. Mdogo wangu anasalimia, kiuno kimeshapona. Naye alidungwa sindano hizi hizi kabla ya kuvunwa seli, ili zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu. Nilimwona siku zile. Mkono kiunoni, akitaka kukaa anakaa kwa awamu, upande huu kwanza, halafu ule. Nilimcheka sana. Fundi saa, mtu ambaye mzigo wake mzito kuliko yote duniani ni saa ya ukutani, kaangushwa na sindano nyembamba kama unywele.

Mama watoto kaniambia nisimcheke mtu aliyenipa damu. Sawa. Lakini nilicheka.

Jumatatu, 10 Machi
Mia moja. Mtu mzima anaanzia elfu nne, nimeuliza. Bosi kapiga makofi kwa mia moja. Kiwandani mtu akiniletea hesabu ya namna hiyo namwonyesha geti.

Jumatano, 12 Machi
Mia nne. Tangu alfajiri kiuno kinapiga, tena kwa mdundo, kama mashine ya kushindilia. Nimekwenda msalani mkono kiunoni. Nimekaa kwa awamu.

Bosi kaniona, kafurahi. Ndiyo maumivu tunayoyataka, anasema, uboho unaamka. Sielewi hospitali hii. Nilipokuwa sisikii kitu walinuna, sasa naumia wanachekelea.

Nimempigia mdogo wangu kumwambia sasa nimejua. Kacheka mpaka kakohoa. Karibu chamani, kaka.

Jumapili, 16 Machi
Elfu tatu na mia nane! Daktari mkuu kasema sindano basi, kazi imeisha. Mama watoto kalia nje ya kioo. Mimi nimekula nusu sahani.

Jumanne, 18 Machi
Elfu moja na mia saba.

Siku mbili tu, zaidi ya nusu imekwenda. Nimemwita daktari mdogo. Ni kawaida, anasema, sindano ilikuwa inasukuma, ukiitoa hesabu hushuka kisha hutulia. Hutulia wapi? Tutaona. Mimi nikimwambia mteja "tutaona" anageuza lori lake anaondoka.

Halafu, huku ananifunga mpira mkononi, akasema leo anachukua na damu ya kupima chembe hizi ni za nani. Nikadhani ananitania. Za nani tena, si ziko kwangu? Akanieleza taratibu. Zangu za zamani zinaweza kuwa zilibaki chache, zimejificha. Sindano haichagui. Inaamsha za mgeni na za mwenyeji pamoja, na ubaoni zote zinahesabiwa kitu kimoja.

Kwa hiyo ile elfu tatu na mia nane tuliyoililia ilikuwa ya nani? Kama ni ya mdogo wangu, nimepona. Kama ni yangu – ugonjwa ulikuwa humo humo.

Nimejaribu kugawa hesabu. Haigawanyiki, sina namba ya pili.

Ijumaa, 21 Machi
Elfu moja na mia tano. Majibu bado. Daktari mdogo kapita haraka, kasoma karatasi yangu kwa kuishika mbali kama inanuka. Mama watoto anasema niache kuhesabu, nile. Nimeuliza mdogo wangu yuko wapi, simu hapokei. Yupo, kasema. Yupo ndiyo jibu gani?

Jumatatu, 24 Machi
Elfu moja na mia sita. Imepanda, au imesimama? Sijui hata nifurahi au vipi.

Mdogo wangu kaja. Nilimwona kwenye korido kabla hajaniona. Mkono kiunoni. Anatembea kama sakafu ina mayai. Akafika kwenye kiti cha nje ya kioo, akakaa. Upande huu kwanza. Halafu ule.

Sikucheka.

Nikamuuliza kwa simu, umefanyaje? Nimeinua mzigo vibaya, kaka. Mzigo gani? Akafikiri. Saa, akasema, kubwa, ya ukutani. Akacheka peke yake. Mama watoto alikuwa anahesabu vigae vya sakafu. Bosi akaingia, akavuta pazia, akasema muda wa wageni umekwisha. Haukuwa umekwisha.

Mwendo ule naujua, nimeutembea mwenyewe. Mtu mzima mwenye afya hadungwi sindano zile ila kama anaandaliwa kuvunwa. Na kama mbegu za kwanza zimeshika, wanavuna za pili za nini? Labda ni za nyongeza tu. Labda kweli kuna saa nzito namna hiyo. Nageuza huku, nageuza kule, sipati.

Nimemwagiza Bosi kwa daktari mkuu. Kesho saa nne kamili asubuhi aje mwenyewe, simtaki yule wa tutaona. Asiniambie kawaida, asiniambie tusubiri. Swali langu ni moja. Damu iliyomo humu ni yangu au ya mdogo wangu? Bosi kasimama na trei yake, hakunitania matofali. Nikamwongezea: na kama daktari hawezi kusema, basi saa nne hiyo hiyo aniambie nani anamdunga mdogo wangu.