Baba Anavuka Ziwa

Jumanne, 23 Desemba

Nimefika nyumbani! Treni ilichelewa, lakini dereva wa basi la kijijini alinisubiri. Alikuwa kanywa kahawa yake yote na hana kinyongo. Baba alikuwa kituoni na mbwa wetu, Halla, na ile sleji ya kusukuma kwa mguu. Akauweka mkoba wangu kitini, akanikabidhi mpini.

"Sukuma wewe. Miguu ya mjini imepumzika mwaka mzima."

Saa tisa alasiri na jua limeshazama. Lakini si giza, ni buluu. Theluji buluu, misonobari buluu, hata pumzi zetu. Hakuna sauti ila vyuma vya sleji vikiteleza. Sikutaka tufike.

Nyumba safi mno. Baba kanyoa ndevu. Jikoni kuna mapazia mapya yenye maua mekundu. Nikamwuliza kayatoa wapi. Dukani, anasema. Reino, baba yangu, kununua mapazia!

Jumatano, 24 Desemba

Mkesha wa Krismasi. Sauna mapema, kisha makaburini kumwashia Mama mshumaa. Kijiji kizima kilikuwa kule, watu wakinong'ona, na mishumaa mamia ikiwaka ndani ya theluji kana kwamba ardhi ina madirisha. Huu ni mwaka wa pili tunamwashia. KERTTU, jiwe linasema, na herufi zimejaa theluji.

Ajabu — mtu alikuwa ametutangulia. Mshumaa mmoja ulikuwa tayari unawaka, na kando yake shada dogo la vijiti vya beri za porini. Nikamtazama Baba. Akaanza kufuta theluji kwenye jiwe la jirani, la mtu ambaye hata hatumjui.

Uji wa mchele jioni. Lozi moja tu ndani ya sufuria, na anayeipata ataoa au ataolewa mwaka ujao. Kaipata Baba! Nilicheka hadi machozi. Yeye hakucheka. Aliimeza nzima, kama kidonge.

Alhamisi, 25 Desemba

Leo hakuna kitu. Raha tupu. Nimelala, nimesoma, nimelala tena. Baba alitoka kuteleza kwa skii baada ya kahawa, akarudi jua likizama, mashavu mekundu.

Jumamosi, 27 Desemba

Nilimwomba Baba anichukue akitoka na skii. Akakubali shingo upande. Tukateleza ziwani yeye mbele, mimi nyuma, Halla katikati. Ukungu ulikuwa umeshuka. Hapakuwa na ufuo wala mbingu, ni weupe tu, na mgongo wa Baba ukienda. Nilihisi kama niko ndani ya usingizi wa mtu mwingine, mtu mpole.

Katikati ya ziwa akasimama.

"Basi, Taimi. Wewe rudi."

"Nirudi? Na wewe?"

"Naenda kuangalia wavu wangu chini ya barafu."

"Si nikusaidie kuvuta?"

"Samaki hawapendi watu wengi."

Halla akaenda naye bila kuuliza. Nikarudi peke yangu. Walipokuja, hapakuwa na samaki hata mmoja, na sweta ya Baba ilinukia iliki.

Jumatatu, 29 Desemba

Niandike taratibu.

Asubuhi hewa ilipata joto ghafla, mvua ikaanza. Mvua, Desemba! Baba alikuwa keshaondoka na simu kaiacha mezani. Safari hii Halla alibaki. Kufika saa saba ziwa lilikuwa limegeuka kijivu, maji yametanda juu ya barafu, na njia ya skii imefutika. Nilisimama ufuoni nikaita. Sauti yangu haikwenda popote.

Nikamfunga Halla kamba, tukazunguka ghuba kwa njia ya msituni. Nilidhani mimi ndiye ninayemwongoza. Kumbe! Yule mbwa alinivuta kama mtu anayechelewa miadi, hadi kwenye nyumba ndogo ya njano upande wa pili, akakwaruza mlango kwa makucha. Mlango ukafunguliwa. Mwanamke wa makamo ya Baba, mikono yote unga.

"Wewe ndiye Taimi," alisema. "Ingia mwanangu, umeloa chapachapa."

Na nani kakaa kwenye benchi karibu na jiko, soksi za sufu miguuni, sweta ya mtu mwingine mwilini, kikombe mkononi?

"Maji yamepanda," Baba akasema. "Nimeona nisirudi."

Mimi nilikuwa nimeshamzika. Njia nzima nilikuwa namzika. Nikasema kitu pekee kilichokuja:

"Na samaki wako wapi, Baba?"

Mwanamke ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Jina lake Lempi, mjane. Mimi sikucheka. Sikuketi hata. Dirishani kulikuwa na mapazia yenye maua mekundu.

Tulirudi kwa miguu kupitia msituni, maji yakidondoka kwenye matawi.

Jumanne, 30 Desemba

Jioni hii nilimwambia: "Mama ana miaka miwili tu ardhini."

"Najua," akasema. "Nimeishi humu yote miwili. Wewe ulikuja Krismasi."

Kisha akaenda kutafuta kuni ambazo tayari zilikuwa zimejaa kapu.

Alhamisi, 1 Januari

Baridi imerudi, asante Mungu. Ziwa lilikuwa linaugulia asubuhi — barafu inapojikaza hutoa mlio mrefu, wa chini, unausikia kifuani kabla ya masikioni. Nilipokuwa mdogo Mama alisema ziwa linageukia upande wa pili kulala.

Baba alikuwa anapasua kuni. Nikaenda kupanga. Akasema bila kuacha shoka:

"Nilimwambia ahamie hapa. Amekataa."

Nilifurahi. Ndiyo, naandika ukweli, nilifurahi kwa muda wa gogo moja.

"Kwa nini?"

"Anasema haingii nyumba ya Kerttu kama paka, kwa kupenya. Mpaka binti wa Kerttu amwambie mwenyewe."

"Na wewe ukaona uniambie lini?"

"Tangu kituoni najaribu. Nimenyoa hadi ndevu!"

Hapo nilicheka. Sikutaka. Kisha nikamwuliza ule mshumaa wa makaburini. Akasema ni wa Lempi. Yeye na Mama waliimba pamoja kwaya ya kanisa, bega kwa bega, sauti ya pili. Mwezi ule wa mwisho, Mama alipokuwa hajibu tena, Lempi alikuja kumwimbia. Mimi nilikuwa wapi? Mjini Tampere, kliniki ya meno, nikishika mrija wa kufyonza mate vinywani mwa watu.

Jumapili, 4 Januari

Siku nzuri kupita zote. Mimi na Baba tumepanda kilimani juu ya ziwa, polepole, tukawasha moto, tukachoma soseji kwenye vijiti. Jua lilichungulia likakaa palepale juu ya miti, la rangi ya pichi, likiwa halina nguvu ya kupanda wala haraka ya kushuka. Theluji ikadondoka kutoka tawini bila upepo. Basi. Hayo ndiyo yaliyotokea.

Baba alisinzia ameegemea mti, kofia imemshuka. Amekonda shingo. Nilikaa nimemwangalia mpaka moto ukawa makaa. Alipoamka hakujua nimemtazama, akaanza tu kuongea.

"Unajua kwa nini redio haizimwi kule nyumbani?"

"Umezoea kelele."

"Nikiizima, naisikia saa ya ukutani hadi bandani."

Tulishuka. Nilitangulia mimi, nikimkanyagia njia.

Jumanne, 6 Januari

Sikukuu ya Mamajusi. Basi langu ni kesho asubuhi.

Baridi kali, mbingu nyeupe. Baba alitoboa barafu akapima: unene wa kutosha kubeba farasi. Nilipovaa skii akaniuliza naenda wapi. Matembezi tu, nikasema. Akatazama upande wa ng'ambo, akatazama viatu vyangu. "Fuata fito nilizochomeka barafuni," akasema, akaingia ndani haraka.

Nimevuka peke yangu. Hakuna aliyekuwa juu ya ziwa ila mimi. Katikati nilisimama nikageuka: nyumba yetu ndogo kama kisanduku cha kiberiti, moshi wima. Nyumba ya njano vilevile, moshi wima. Kutoka pale hutofautishi yenye watu wengi na yenye mtu mmoja.

Sasa niko jikoni kwa Bi Lempi. Alinipa mkate mtamu wa iliki, kahawa, akanitazama, akasema anakwenda kuwatupia ndege shayiri. Ndege gani! Ameniachia nafasi. Nimetoa daftari mfukoni kwa sababu mikono haina kazi.

Sina sentensi hata moja. "Karibu kwetu" — lakini kwetu kwa nani? "Njoo" ni fupi mno. Nikisema, nitarudi Krismasi ijayo na kumkuta mtu mwingine kwenye jiko la Mama, akihamisha chumvi. Chumvi itahama, najua. Nisiposema, nakunywa kahawa, nashukuru, navuka.

Kupitia dirishani namwona. Amemaliza zamani na shayiri. Amesimama tu kwenye theluji, kichwa wazi, ananipa muda zaidi, na masikio yamemwiva kwa baridi. Hajui hata kama namwona.

Anakuja. Anakung'uta viatu kizingitini, polepole, ili nisikie.

Nitasema kabla hajavua koti, maana akilivua —