Nyasi za Muyuda

Jumapili, 30/3

Nisamehe, daftari. Tangu Noeli sijakufungua, na sababu ninazo mbili: Yosia anatoa meno, na mimi nimejifunza kulala nikiwa nimesimama. Sasa ameshikwa na usingizi mugongoni, basi naandika wima, wewe ukiwa juu ya pipa la maji.

Asubuhi misa. Kisha kufua. Kisha kutwanga sombe, majani ya muhogo. Papa Naomi, bwana yangu, ametuma sauti kwa simu kutoka Manono: pikipiki ni nzima, abiria wapo, atarudi kisha Pasaka. Mama Ester, mama mukwe wangu, amechambua ndakala, zile dagaa za ziwa, kibarazani. Macho yake hayaoni vizuri, anachambua kwa vidole.

Jambo moja. Tulipotoka kanisani binti yangu Naomi hakumushika mukono Nkambo wake, yaani bibi yake, Mama Ester. Alitembea mbele, peke yake, kama asiyetujua. Ana miaka saba. Nilifikiri ni viatu, vinamubana.

Jumanne, 1/4

Si viatu.

Nilimuuliza nikimuogesha, ndipo akasema. Shuleni wanamuita "kajukuu ka Muyuda". Akaniangalia na sabuni machoni: "Mama, ni kweli Nkambo njo aliua Yesu?"

Nilimwaga maji karibu yote. Nikamuambia Nkambo hajawahi kuua hata kuku, kuku zetu zinakufa kwa uzee. Hakucheka.

Niandike mambo yalivyo. Baba ya Mama Ester alikuwa Muyuda, yaani Myahudi. Alikuja hapa kijana, wakati Kalemie ingali inaitwa Albertville, akitoka kisiwa cha Rodo, kile ambacho Paulo alipitia katika Matendo ya Mitume. Aliuza vitambaa. Akaoa mwanamuke Mutabwa, binti wa kijiji cha Zongwe. Watoto walibatizwa upande wa mama yao, yeye akabaki na sala zake. Mama Ester ni mukatoliki kunipita mimi. Lakini mutaani ni "Mama Muyuda". Nilipoolewa nililikuta jina hilo, nikalizoea kama harufu ya samaki.

Nina haya.

Alhamisi, 3/4

Mukutano wa shirika, yaani zile familia za mutaa wetu zinazosali pamoja. Mimi njo sekretari, kwa sababu nilifika sekondari ya nne na mwandiko wangu unasomeka.

Tulipanga kazi za Ijumaa Kuu. Kila mwaka vijana wanashona nguo mbovu, wanajaza nyasi kavu, inakuwa sanamu ya muntu. Wanaikokota nyuma ya Njia ya Musalaba, wanaipiga fimbo, wanaichoma pembeni ya ziwa. Wanaiita Muyuda. Na mbele ya mulango wetu wanasimama kuipiga zaidi, eti "hapa njo kwabo". Mama Ester anajifungia mpaka wapite. Miaka minane naona hayo. Miaka minane nabeba mutoto, nanyamaza.

Papa Onesime, katekista wetu, akauliza: "Nyasi mwaka huu analeta nani?" Nikafungua daftari la shirika kuona ya mwaka jana ilikuwa zamu ya nani. Mwandiko wangu mwenyewe: *Nyasi za Muyuda: Mama Naomi.*

Mimi. Mafungu mawili. Nakumbuka sasa. Mama Ester alinisaidia kufunga kamba. Hakuuliza ni za nini. Alijua.

Sikuandika kitu kingine mukutano wote.

Jumapili, 6/4

Nilimuomba samahani, jikoni, tukisonga bukari, ugali wetu. Akaendelea kusonga. Akasema: "Wewe ulikuwa na mimba na nyasi zilikuwa nzito. Ningefanya nini, nikuache ubebe peke yako?"

Nililia kama Yosia.

Kisha akaniambia anaondoka. Kabla ya Ijumaa Kuu atapanda mutumbwi wa motere, aende Zongwe kwa jamaa za mama yake, abaki huko. Alikuwa ameona Naomi alivyomunyima ule mukono. Macho hayaoni ndakala lakini hilo aliliona. "Mutoto asikimbie mbele ya watu kwa ajili yangu."

Akanipa habari ambayo hata mwanaye hajaisikia yote. Wakati wa vita kubwa ya Wazungu, baba yake alikuwa hapa anauza vitambaa. Wayuda wa Rodo wakapakiwa melini, wazee, watoto, wote, wakapelekwa kuuawa. Barua alizowaandikia zikarudi, hazikufunguliwa. Alizitunza. Kila Ijumaa jioni alizitoa, akazipanga mezani kama sahani za watu wanaokuja kula. Mama Ester alikua akiona meza hiyo.

Hao njo tunaopiga fimbo. Watu wa meza hiyo.

Sitaki aende Zongwe. Mama yangu mwenyewe alikufa nikiwa mudogo. Aliyenifundisha kukanda mutoto mwenye homa ni huyu.

Jumatano, 9/4

Nimeenda kwa Papa Onesime, pale anapofanya useremala. Yosia mugongoni, analia njia nzima. Papa Onesime alikuwa anapiga randa.

Nikamuambia moja kwa moja: mwaka huu sileti nyasi, na naomba sanamu isiwepo.

"Mama Naomi, ile ni Yuda. Yuda mwenye kuuza Yesu. Kuko ubaya gani?"

"Yuda ni jina ya muntu mumoja. Muyuda ni kabila. Munapiga nani?"

"Njo kitu kimoja. Muyuda ni muntu wa Yuda. Neno yenyewe inasema."

Hakuwa ananidanganya. Anaamini. Miaka yote hiyo anafundisha watoto komunyo ya kwanza na anaamini hivyo, na mimi niliyeandika "nyasi za Muyuda" nilikuwa naamini hivyo pia, bila hata kukaa chini kufikiri.

Pale ukutani kulikuwa na kile kibao anachopaka rangi kila mwaka, cha kugongomea juu ya musalaba. Nikasema: "Papa, tusomee."

"Yesu wa Nazareti, Mufalme wa..." Akasimama.

"Wa nani?"

"Wa Bayuda."

"Basi ni mufalme wa bale benye kumuuza? Na mama yake, Maria? Ni muntu wa Yuda?"

Akafuta randa kwa kidole, muda mrefu. Kisha hasira ikamupanda. Eti natetea bokilo yangu, mama mukwe. Eti desturi tuliikuta kwa baba zetu, mimi ni nani. Eti mutoto wangu analia, nimupeleke nyumbani.

Hilo la mwisho lilikuwa kweli.

Ijumaa, 11/4

Homa ya Yosia. Sijalala. Naomi amekula chakula akimupa Nkambo mugongo. Nilimuchapa kofi moja mukononi, nikajuta hapo hapo. Kofi halifundishi muntu kupenda.

Jumapili ya Matawi, 13/4

Nimesema. Mbele ya shirika zima.

Nilisema mwaka jana nyasi nilileta mimi na ninaomba Mungu anisamehe. Nilisema habari ya barua zilizorudi. Nikafikiri imekwisha.

Mama Kabibi, muuza mukaa, ndiye akaanza: "Lakini hao Bayuda njo banakula mawe yote ya madini ya Manono. Na vita yote ya dunia, njo bao."

"Mama Kabibi, uliona mumoja?"

"Ilipita kwa WhatsApp."

"Bwana yangu iko Manono, anabeba banunuzi ya mawe kwa pikipiki yake. Iko kila kabila, na weye unajua iko mpaka bandugu zetu. Na ile WhatsApp ya kusema maji ya chumvi inaponya kolera, si weye ulitutumia? Ulikunywa?"

"Nilitapika siku mbili!"

Wakacheka wote, na yeye wa kwanza. Lakini kicheko si kukubali. Nikasubiri kiishe, nikasema polepole: watoto wangu wana damu hiyo. Mwenye kutaka kumupiga Muyuda mbele ya mulango wangu, mimi nitakuwa nimesimama hapo na hawa wawili. Aanze na yupi, anichagulie.

Papa Onesime aliangalia viatu vyake mpaka sala ya mwisho. Niliomba iandikwe katika daftari. Kisha nikakumbuka mwandishi ni mimi, nikaandika.

Alhamisi Kuu, 17/4

Mama Ester amefunga mufuko wa safari. Mutumbwi unaondoka alfajiri.

Alipoenda kuoga niliufungua, nikatoa nguo zake zote, nikajaza nepi za Yosia, nikafunga zipu. Akarudi, akaunyanyua, akaona ni mwepesi. Akafungua. Akaniangalia.

"Mukwe mubaya," akasema. Akakaa kitandani akacheka mpaka akakohoa.

Haendi. Naogopa kesho.

Ijumaa Kuu, 18/4

Asubuhi mapema, hodi. Papa Onesime, amebeba fungu la nyasi kavu kichwani.

Hakunisalimia mimi. Alipita hadi kibarazani, akaliweka mbele ya Mama Ester. "Mama, nilileta hizi za kuku. Zitalalia." Hakusema samahani. Mama Ester akazishika kwa vidole, akasema ni kavu vizuri, asante Papa. Akamupa kiti. Papa Onesime akakaa kidogo, akaenda kuchukua kibao chake.

Mchana Njia ya Musalaba ikapita. Sanamu haikuwepo. Papa Onesime mbele, hakusimama kwetu. Lakini mazoea yana miguu yake: kundi la nyuma likasimama lenyewe, kama watano sita, wakapiga kelele "Muyuda! Muyuda!" Bonge la matope likagonga mulango.

Mwaka huu Mama Ester hakujifungia. Alikuwa amesimama nje, rozari mukononi. Mimi kando yake, Yosia mugongoni. Naomi nyuma ya sketi yangu. Nilimusikia anapumua.

Naomi akatoka. Akasimama mbele ya matope. Sauti ndogo: "Njo Muyuda. Na njo nkambo wangu. Na Yesu ni wa kwabo, muende musome kibao!"

Mumoja akacheka, si vibaya. Mwingine akamuvuta mwenzake. Wakaenda, mumoja bado anapiga kelele hadi kwenye kona.

Haikuwa ushindi. Matope nimeosha mimi. Lakini mukono wa Nkambo ulishikwa, na haukuachwa mpaka kanisani.

Jumanne kisha Pasaka, 22/4

Mvua tangu alfajiri. Jino la Yosia limetoka. Nimelala saa sita mufululizo, sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Papa Onesime amekuja tena. Anataka Mama Ester aje kuongea na watoto wa katekismu juu ya baba yake, Jumamosi zote za mwezi wa tano. Anasema yeye mwenyewe atakaa kwenye benchi na watoto, kwa sababu hajui. Mama Ester amesema ndiyo. Kisha akaingia ndani, akahangaika, eti atasema nini, mambo mengi yamemupotea.

Wawili shuleni wanaendelea kumuita Naomi jina lile. Nitaenda kwa mwalimu Alhamisi.

Vitu vyote vya Muzee, baba ya Mama Ester, vilibaki kwa wifi yangu, Lubumbashi. Kesho nitamupigia. Naandika hapa nisisahau, bado nahitaji atume:

Picha ya Muzee mbele ya duka, ile iliyochanika pembe. Asiikunje.

Ramani ambayo Rodo inaonekana, watoto waweke kidole.

Miwani ya kusomea, yenye nguvu, ya Mama Ester.

Majina ya wazazi wa Muzee, yaliyo juu ya zile barua, kwa herufi kubwa.

Na jina la dada yake mudogo, yule aliyebaki kisiwani. Mama Ester anasema lilianza na R. Hataki kusimama mbele ya watoto akamuita tu "yule dada".