Picha ya Mpira Tuliyoitazama Pande Mbili za Shuka

Mume wangu, Baba Asajile,

Wewe umepumzika. Mimi umeniachia maneno ya watu, na miguu inauma.

Gari la sinema limerudi hapa Tukuyu na picha ileile, ya mcheza mpira aliyempenda binti wa mwalimu wake. Mzee wa kanisa akaja kusema haifai kutazamwa na watu wa nyumba moja, wakubwa kwa wadogo. Asajile, mwanao huyu wa kuitikia kila kitu, akamkataza mkewe Tumpe na watoto. Tumpe akachukua jembe lake akaenda shambani. Tangu tukuzike hacheki, anapalilia kahawa kama kibarua. Wakanigeukia mimi, mkubwa wa nyumba.

Nikakumbuka ulivyonikokota uwanjani mara ile. Shuka likatundikwa kati ya miti miwili, tukakaa mbele. Tumpe, kwa kuwa kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye, akakaa nyuma ya shuka na wakamwana wenzake, wakaiona picha kwa huko. Yule kijana akamkodolea macho msichana, akajifunga bao, akaanguka topeni. Ukapiga kelele, "Mjinga! Mpira uko huku, macho yako huko!" Nyuma ya shuka mtu akacheka mpaka akakohoa.

"Nani huyo anacheka vizuri hivyo?"

"Mkweo."

Ulikuwa hujapata kukisikia kicheko chake, na chakula chake unakula kila siku.

Walipobusiana ukafunika uso kwa kofia. Usinidanganye, jicho nililiona.

Halafu ule ubishi wenu! Wewe unasema bao la ushindi lilipigwa kwa mguu wa kulia, yeye anasema wa kushoto. Kusemezana hamruhusiwi, basi punda ni mimi. "Mwambie ni wa kulia." "Mama, mwambie baba ni wa kushoto." Mpaka kitandani, mgonjwa, bado unanituma.

Nikamwambia mzee wa kanisa, "Kubusiana mbele za watu ni upuuzi, hapo watoto nitawaziba macho kwa kanga yangu. Lakini kwa picha hiyo mume wangu na mkwewe walipata la kuambiana. Wangu wataenda." Asajile akatazama chini. Atazame.

Jumamosi tukaenda. Nikamwambia Tumpe, "Kaa mbele sasa, baba mkweo hayupo."

"Hapana, mama. Mahali pangu ni huku."

Sina nguvu za kubishana. Nikajivuta nikakaa naye huko nyuma, watoto mapajani. Bao lilipoingia akanishika mkono. "Umeona, mama? Umeona?" Akacheka, kicheko kilekile, mpaka akakohoa.

Nimeona, Baba Asajile. Kwa mbele ni wa kulia, shahidi ni mimi. Kwa nyuma, shuka linageuza kila kitu, ni wa kushoto. Hakuna aliyekosea, mmenichosha bure.

Huu ndio ujumbe wake wa mwisho ninaokuletea. Sasa lala, usinitume tena.

Mimi mkeo,
Mama Asajile