Tulivyomtajirisha Lin kwa Maneno

Jumamosi, wiki ya kwanza ya Mei. Joto limeshaingia, saa tatu tu asubuhi kitasa cha mlango wa gari hakishikiki. Nimejifungia chumbani, kiyoyozi kinanguruma, na nina jambo linanila roho tangu Alkhamisi. Nimejaribu kulala. Nimejaribu kufua. Nimejaribu hata kugombana na kaka yangu bila sababu, naye masikini akaniomba radhi. Halikuondoka.

Basi naliandika.

Nimempokonya mtu chumba, kwa mdomo wangu huu huu.

Nafanya kazi katika ofisi ya wanafunzi ya chuo kimoja hapa Maskati, jina lake silitaji. Kila mwaka watu watano hukaa kamati kugawa vyumba vichache vya hosteli ambavyo wanafunzi wa kigeni wasio na uwezo hukaa bila kulipa. Mimi ni katibu wa kamati hiyo: naandika muhtasari, naagiza kahawa, na siku nyingine natia neno bila kuulizwa. Safari hii vyumba vilikuwa sita na waombaji saba. Wa saba alikuwa Lin, msichana wa Kichina anayesoma Kiarabu. Amekaa katika hosteli hiyo miaka miwili na amebakiza mmoja amalize.

Lilipofika jina lake, mmoja wetu akauliza, huyu Mchina naye anaomba? Tukacheka wote. Nami nilicheka. Tuna vijana wawili wa Kichina chuoni wanaokuja na gari jeupe la milango miwili, linalosikika kabla halijaonekana, na tangu wafike hao, kila Mchina akipita getini tunamwona mrithi wa kiwanda. Mwenyekiti wetu ni mtu wa haki. Aliuliza kama kuna anayejua hali ya binti huyu, tusije tukamdhulumu.

Mimi nikasema namjua. Nikasema hana shida yoyote, sahani ya mama yangu haijapata kurudi kwetu ila imejaa vitu vya dukani, vya bei. Wakacheka tena. Mwenyekiti akapiga mstari kwenye jina, nami nikaandika kwenye muhtasari kwamba mwombaji ana uwezo. Nani aliyesema, sikuandika. Kahawa yenyewe ilikuwa bado ya moto.

Sasa habari ya sahani.

Sisi ni watu wa Unguja tuliorudi Omani, na nyumbani kwetu Ghubra mambo ya kule yangalipo. Ramadhani mama hupeleka futari kwa jirani, kwa mgonjwa, kwa mtu aliye mbali na kwao. Mwaka jana nilimtajia mama habari za Lin, kwamba yuko peke yake hosteli Khuwair ya Kusini, msichana mpole, anatusalimia kwa Kiarabu cha mtangazaji wa habari. Mama akajaza sahani: sambusa, kachori, kipande cha mkate wa kumimina. Nikampelekea kwa gari jioni hiyo. Kesho yake Lin alikuja ofisini na sahani imeoshwa inang'aa, akaniuliza kama kuna adabu yoyote ya kurudisha.

Nikamwambia kwetu sahani hairudi tupu. Nilisema huku nacheka, kama mtu anayemfundisha mgeni neno la mzaha. Akaichukua sahani akaenda nayo. Siku ya pili ikarudi na matunda yale ya waridi yenye magamba, yamefungwa mojamoja kwenye karatasi laini. Mama hakuyajua hata yanakatwaje.

Ukweli ni kwamba kwetu hata ukitia ndimu tatu imetosha. Ukitia kikombe cha sukari imetosha. Bibi yangu alikuwa akirudisha sahani na vijiti vya udi, na hakuna aliyemwona mchoyo. Hilo sikumwambia Lin.

Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza siku mbili hizi na jibu si zuri. Sikumwambia kwa sababu nilipenda vilivyokuja. Baada ya matunda zikaja chokoleti za karatasi ya dhahabu. Mama kuona vile akazidisha: futari ikawa mara mbili kwa wiki, Ramadhani ikaisha na sahani zikaendelea kila Ijumaa, na mwaka huu tukaanza upya. Siku moja ilirudi na chai ya kwao, kwenye kopo la bati lenye picha ya milima. Mama akaiweka kabatini kwa ajili ya wageni wa heshima. Akawa anaisimulia Ghubra nzima. "Wallahi nnakwambieni," alikuwa akisema, "watu wale wana neema, na mkono wao mwepesi wa kutoa."

Alkhamisi nilikwenda hosteli kupeleka barua za kamati. Ya Lin ilisema ahame mwisho wa muhula. Mlangoni nilimkuta Prossy, Mganda anayesafisha pale, ambaye huwa tunazungumza Kiswahili, chake cha kwao na changu cha kwetu, tukikutana katikati. Alikuwa ameegemea fagio. Akaniuliza kama ni kweli wanamtoa yule dada Mchina, maana Lin alikuwa ameshasikia na alikuwa amelia jikoni. Nikamjibu kikazi kwamba vyumba ni vya wasio na uwezo.

Prossy akanitazama, nadhani akipima kama anaweza kusema.

"Madam, huyu dada hana kitu. Huyu tunakula naye posho kila jioni, mimi na wenzangu. Akipata ka-pesa ananunua vitu vya kujaza hiyo sahani yenu, halafu wiki yote anakula kwetu."

Posho ni ugali. Prossy na wenzake wawili wanakaa chumba cha nyuma ya hosteli, mishahara yao inakwenda Uganda karibu yote, na wao ndio waliokuwa wakimlisha tajiri wetu.

Nilisema asante, nikaingia ndani na barua zangu. Ile barua ya Lin niliiacha mezani pake kama nilivyotumwa. Hata hilo sikuthubutu kulizuia.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni kwamba mimi, katika watu wote, nilikuwa na kila sababu ya kujua. Tunapokwenda Unguja, sisi ndio Wachina. Jamaa wanaamini huku Omani mafuta yanatoka kwenye bomba la jikoni. Baba yangu ni karani mstaafu, nyumba tunaipaka rangi upande unaoonekana barabarani, lakini kila safari tunabeba masanduku manne ya zawadi, kwa sababu Mwarabu harudi mikono mitupu. Mwaka juzi nilikopa kwa ajili ya masanduku hayo, na niliporudi nilikula mkate na jibini mwezi mzima, mlango wa ofisi nimeufunga nisionekane. Shangazi yangu hajui mpaka leo. Kama angeulizwa kwenye kamati angesema, yule hana shida, mwangalieni anavyotoa.

Nilijua njaa ya mtu anayegawa. Nikaisahau mara tu mpokeaji alipokuwa ni mimi.

Jana, Ijumaa baada ya laasiri, nilimwomba Lin tukanywe chai ya karak, ile ya maziwa na iliki, kwenye mkahawa ulio nyuma ya hosteli. Nilikuwa nimepanga kuanza mbali, na masomo na hali ya hewa, lakini alipokaa tu nikamwambia ni mimi. Ni mimi niliyesema kwenye kamati kwamba unajiweza. Nilisema kwa sababu ya vitu ulivyotia kwenye sahani. Na sikukwambia kwamba ndimu tatu zingetosha.

Hakukasirika, na laiti angekasirika. Akanieleza, kwa kile Kiarabu chake kilichonyooka, kwamba baba yake anaendesha lori la makaa na mama yake anakanda tambi katika duka la mtu mwingine. Ada yake inalipwa na msaada wa masomo. Chakula chake kilikuwa kinatoka kwa wafanyabiashara aliokuwa akiwatafsiria, na tangu mwaka huu uanze wamekuwa wachache. Bila chumba hicho hawezi kupanga nyumba katika mji huu. Atarudi kwao Juni na mwaka wa mwisho utabaki huku. Ile chai ya kopo la bati mama yake alimpa aje nayo, awe anakunywa siku za mitihani.

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mtu yeyote, hata mimi.

"Watu walikuwa wanasema mimi tajiri," akanijibu, "na sikuwakataza. Kwetu hakuna aliyewahi kunidhania tajiri. Mara ya kwanza nilifurahi. Halafu ikawa siwezi tena kurudi nyuma."

Niliposimama kulipa chai, alikuwa ameshalipa.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mama kila kitu. Kwanza hakuniamini. Kisha akaenda jikoni, nikasikia makabati yanafunguliwa. Alikuwa anatoa mchele wa biriani na ile sahani kubwa yenye ukingo wa samawati, ampikie mtoto wa watu akamtake radhi. Nikamwambia mama, usipeleke sahani. Ukipeleka sahani atatafuta cha kuirudishia.

Mama akasimama na sahani mkononi, akaitazama kama kitu asichokijua. Amepeleka sahani tangu alipokuwa mtoto na hajapata kufikiri kwamba inaweza kumuumiza mtu. Akaniuliza, "Sasa sisi watu wa namna gani, tunamla mtu na huku tunamkaribisha?" Akakaa kwenye kiti cha jikoni na kulia kidogo. Mimi sikulia. Nilikuwa na aibu sana, machozi hayakuja.

Baadaye akasema aje akae hapa kwetu, chumba cha dada yangu kiko tupu. Ni moyo mzuri, nami nitamfikishia Lin maneno hayo ikiwa yote yatashindikana. Lakini naogopa urahisi wake. Tutamchukua, watu watatusifu, na ile dhulma itageuka kuwa ukarimu wetu. Kila asubuhi Lin atatafuta namna ya kulipa, na tunamjua sasa anavyolipa.

Leo asubuhi nimempigia mwenyekiti simu nyumbani kwake. Nikamwambia nililosema kwenye kamati lilikuwa porojo la nyumbani, sikuwa nimemwuliza mhusika, na si kweli. Akasema chumba cha sita ameshapewa msichana mwingine naye ni mhitaji wa haki, hatuwezi kumtoa. Kipo chumba cha wageni cha ghorofa ya chini kinachokaa kitupu karibu mwaka mzima, na anaweza kukiombea, ila apate barua ya kueleza kosa lilitoka wapi. Hakuahidi kitu. Akaniuliza kwa upole kama najua maana ya kuweka hilo kwa maandishi.

Najua. Nimo kwenye orodha ya wanaotazamiwa kupandishwa daraja mwaka huu, na katibu anayempokonya mtu chumba kwa umbea hapandishwi. Pengine hata ukatibu utaondoka. Nina mkopo, nina wazazi wazee, na nina jina ofisini ambalo nimelijenga miaka tisa. Sitajifanya shujaa hapa. Baada ya kukata simu nilifikiri, kwa dakika nzima au zaidi, kwamba mwenyekiti hatanikumbusha nisipoandika.

Barua nimeiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na "huenda". Ya pili ilikuwa na "kwa bahati mbaya". Ya tatu ilisema "tulidhani", kana kwamba tulikuwa wengi tuliosema. Ya nne ni fupi. Inasema mimi ndiye niliyesema, sikuwa na hakika, sikuuliza, na mwanafunzi hana uwezo. Chini yake kuna jina langu lote, mpaka la babu. Nimeichapa na kuitia kwenye bahasha, na bahasha iko juu ya mkoba wangu wa kazini, nisije nikasema nimeisahau.

Kesho Jumapili ofisi inafunguliwa saa moja na nusu. Nitakuwa mlangoni saa moja.

Lakini barua siyo iliyoniweka macho. Nimelala chali nikiyakumbuka maswali niliyomwuliza Lin kwa miaka miwili, maana nilijiona rafiki yake na nilimwuliza mengi. Nilimwuliza kama treni za kwao zinakwenda mbio kama ndege. Nilimwuliza kama ule mkoba wake ni wa asili au wa kuiga. Nilimwuliza simu zinauzwaje huko, kama wana magari mawili, kama baba yake ana kampuni. Yote aliyajibu huku akitabasamu, na pale asipojibu nilijijibia mwenyewe. Na wiki baada ya wiki nilisimama mlangoni pake na chakula mkononi, sahani ya moto imefunikwa kitambaa, na hata siku moja sikumwuliza kama amekula.