Chumvi ya Mjomba Masanja

Mpanda, Agosti

Mdogo wangu Neema,

Hamjambo huko Ndola? Nakwambia wewe peke yako: darasani hakuna anayejua kwamba Mpanda ni kwetu. Safari ya kutoka chuoni huko kuja nje ya nchi, hapa Mpanda, kusoma madini ilipotangazwa, nilishangilia kama mgeni.

Basi leo asubuhi, kwenye mgodi wa zamani, mwalimu katufundisha kulamba mawe. Eti jiwe likilowa, madini yanaonekana. Maji tulikuwa nayo, lakini mwanajiolojia wa kweli analamba! Tukachuchumaa wote, ndimi nje. Akapita mchungaji na ng'ombe wake. Kuinua macho: Mjomba Masanja!

"Masikini," akasema, "ng'ombe wangu wakikosa chumvi wanafanya hivihivi. Kwani kwenu nyie chumvi imeisha?"

Mwalimu, anayejua tu kwamba nakisikia Kiswahili, akaniambia nitafsiri. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mzee anasifu elimu yetu. Mwalimu akainama kushukuru.

Mjomba akanikazia macho. "We binti, mbona umefanana na dada yangu?"

Neema, niliona aibu mbele ya wenzangu. Nikamgeuzia mgongo ndugu wa mama yetu.

Sasa tuko nyumba ya wageni, nakuandikia kadi hii huku nimeifunika kwa mkono. Nasikia katambuga, vile viatu vya matairi, zinakuja mlangoni, na sauti: "Hodi! Wale watoto wa kulamba mawe wamefikia hapa? Nimewaletea chumvi."

Wenzangu wanamwona na chumvi mkononi, wanacheka. Kadi naiacha wazi mezani, asome anayetaka. Naenda kumpokea mjomba wangu.

Mbusu mama.

Dada yako,
Milembe