Majani ya Vidole Vitano

Jumatatu, 2 Machi
Mvua imerudi, tuta la tatu limekamilika. Karoti kwenye mstari, vitunguu kwenye mstari, na leo isogi, mboga ambayo sisi tuliokulia Buyenzi, Bujumbura, tuliiita mgagani. Mbegu zake nyeusi ni ndogo mno. Hazipangwi. Unazichanganya na mchanga mkavu, unazirusha kwa mkono mwepesi, kisha unapitisha tawi juu yake. Ukizifukia sana, hazitoki. Mke wangu Konsolata aliuliza kutoka dirishani namfundisha nani, maana bustanini niko peke yangu. Kumbe nilikuwa nasema kwa sauti.

Saa kumi watoto wa majirani walikuja kusoma, kama kila siku. Leo hesabu za sehemu. Teta, binti wa jirani mpya, ameelewa haraka kuliko wote.

Jumanne, 10 Machi
Zimeota! Nimestaafu ualimu zamani, bado kichipukizi kinanishtua.

Jumatano, 25 Machi
Isogi imenawiri. Kila kikonyo kina majani matano yaliyotanuka kama vidole. Mama Teta, aliyekulia Ubelgiji na kurudi mwaka jana, alisimama nje ya ua akapiga picha kwa simu. Nikampungia. Nimefurahi. Vijana wanapenda kilimo, watu husema vinginevyo bure.

Alhamisi, 26 Machi
Watoto hawakuja. Hata mmoja. Na mvua haikunyesha.

Ijumaa, 27 Machi
Hawakuja tena. Dukani wanawake walinyamaza nilipoingia. Baba Yves, anayenisalimu siku zote kwa mikono miwili, aliikodolea macho simu yake mpaka nikapita. Konsolata anasema labda nimewachosha watu kwa maelezo. Inawezekana. Nimeumia.

Jumamosi, 28 Machi


Leo umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Nilikwenda na jembe langu kusafisha mfereji pamoja na mtaa mzima. Nilipochimba, walio karibu walihamia upande wa pili. Baada ya kazi, mkutano. Jambo la mwisho: kuna mtu analima bangi hapa kwetu Busanza. Nilitikisa kichwa, nikamsikitikia mkewe.

Kijana wa ulinzi akanijia. "Muzehe, tunaomba twende kwako."

Kwangu! Walikuja wote, majembe begani, wakajipanga kwenye ua wangu. Kijana akaonyesha tuta la tatu. "Hii iko nini, Muzehe?"

Maisha yangu yote nimeeleza watu mambo. Leo sauti haikutoka. Ningeweza kusema kwamba jani la bangi lina meno pembeni kama msumeno na la isogi halina. Sikuweza. Nilimwona Konsolata mlangoni, kitambaa cha jikoni mkononi.

Mkuu wa mudugudu, yaani kitongoji chetu, mama wa umri wangu, alikuwa amechelewa nyuma kwa sababu ya maumivu ya magoti. Akapenya, akachuma jani, akatafuna.

"Isogi! Nyie watoto, mmelishwa makaroni mpaka hamjui isogi? Basi mnifunge na mimi, nimekula bangi tangu nanyonya!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Ndipo nikaelezwa: picha ya Mama Teta ilizunguka kwenye grupu ya mtaa tangu Jumatano, ikiitwa bangi. Sisi hatumo, simu zetu ni za vitufe. Mama Teta alikuwa amesimama nyuma ya wengine, uso mikononi.

Bangi si jambo la kushangaza, mtu anaweza kukosea jani. Kinachonishangaza ni kwamba watu wote hawa wananikabidhi watoto wao kila siku, na kati yao hakupatikana mmoja wa kugonga mlango na kuuliza.

Jumapili, 29 Machi
Kanisani kila mtu alitaka kunishika mkono. Konsolata anasema tuing'oe isogi yote, tupande maua, na watoto wakasome kwingine. Sikumpinga. Nilishika shina moja, nikaliacha.

Jumanne, 31 Machi
Watoto wamerudi, isipokuwa Teta. Yves akasema, "Mama yake anaona haya, Mwalimu. Hataki hata kupita huku." Nilifundisha vibaya leo. Nina hasira, na mtoto hana kosa.

Jumamosi, 4 Aprili
Nimechuma isogi kwa mara ya kwanza. Kikapu kimoja. Konsolata aliona ninakokwenda, akaguna, kisha akaniletea kitenge cha kukifunikia.

Mama Teta alifungua geti, akatazama viatu vyangu. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Mengi, na baadhi makali. Nikampa kikapu. Akapokea kwa mikono miwili, akafunua kitenge, kisha akauliza, "Inapikwaje, Mwalimu?"

"Chemsha, mwaga maji, tia maziwa."

Basi. Teta alikuwa ameshamwaga majani kwenye ungo, anachambua. Nikaingia, nikavuta kigoda, nikakaa upande wa pili wa ungo.